Jina Unaweza Kulificha, Neno Lina Mwenyewe

Siku hizi mtu akitaka kummaliza jirani yake kambini hahitaji panga. Anahitaji laini isiyosajiliwa kwa jina lake na bando ya siku moja. Anaandika mistari minne, anaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya bloku, anatoka kwenye grupu. Kabla jua halijazama, ujumbe umetoka Rhino Camp umefika Imvepi, umepita Arua mjini, umepanda mpaka Koboko, umeingia Lobule, na njiani umeongezewa chumvi mara tatu. Juu kabisa kumeandikwa, "Nimetumiwa tu." Chini hakuna jina la mtu.

Meseji hizi tunazijua wote. Mama fulani ni mchawi, ndiyo maana mtoto wa jirani amekufa. Mzee fulani ameuza kesi za watu waliokuwa wasafiri. Binti fulani anatembea na mfanyakazi wa shirika, eti ndiyo sababu jina lake limetoka kwenye orodha. Anayesemwa anaandikwa jina lake lote, pamoja na bloku yake na wakati mwingine picha yake. Anayesema? Hakuna mtu anajua ni nani.

Sisi vijana Wakristo na Waislamu tunaoandika hapa tunasema waziwazi: huo ni woga, na ni dhambi. Na tunasema pia, mtu asije akatuelewa vibaya, kwamba kuficha jina peke yake si dhambi. Shida yetu iko kwa yule anayeficha jina lake ili atoke nje ya hesabu. Kwa watu unaweza kujificha, tena kuna wakati lazima ujifiche. Lakini neno ulilolituma linabaki lako, na kadiri watu wanavyoshindwa kukuuliza, ndivyo deni lako mbele ya Mungu linavyozidi kuwa zito.

Tuanze na wanaotupinga, kwa sababu wana hoja. Wanasema: "Sisi wakimbizi maisha yetu yako mikononi mwa watu wengine. Anayepima mahindi anajua namba ya kadi yangu. Anayeandika orodha anajua nyumba yangu. Nikimsema kwa jina langu, kesho mimi na watoto wangu tutakula nini?" Hiyo ni kweli tupu. Mwaka 2002 UNHCR na Save the Children ya Uingereza walitoa ripoti kutoka kambi za wakimbizi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watoto, hasa wasichana, walieleza jinsi watu waliopewa kazi ya kuwasaidia walivyokuwa wanataka ngono kabla ya kuwapa chakula na vitu vingine vya msaada. Majina ya watoto wale yalifichwa. Mwaka uliofuata, 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa amri inayowakataza wafanyakazi wake kutoa pesa, kazi au msaada ili wapate ngono. Amri hiyo ndiyo mnayoiona leo kwenye mabango ya ofisi nyingi hapa kwetu. Kama watoto wale wangeambiwa "weka kwanza sahihi yako ndipo tukusikilize", wengi wangenyamaza, na sisi tusingekuwa na hata hilo bango.

Kwa hiyo hatumwambii mnyonge avue ngao yake. Tunamuuliza kitu kingine: silaha yako inampiga nani? Fungua simu yako leo, hesabu meseji zisizo na jina ulizopokea mwezi huu. Ngapi zimemsema mkubwa anayekula haki ya watu? Na ngapi zimemsema mjane, yatima, msichana, kiongozi wa bloku anayelipwa posho kidogo, au jirani wa kabila lingine? Majibu mnayo wenyewe. Tunasema tunajificha kwa sababu ya wakubwa, halafu mawe yetu yanaangukia walio chini yetu. Mkubwa ana ofisi, ana wakili, ana geti na askari. Mjane ana turubai tu, na jirani aliyesoma ile meseji kabla yake.

Vitabu vyetu vinawajua watu waliojificha, na havikuwatukana. Katika Injili ya Yohana kuna Nikodemo, mkubwa wa Wayahudi, aliyemwendea Yesu usiku. Alikuwa na hofu, na Yesu hakumfukuza kwa sababu ya giza. Katika Kurani, Sura ya 40, kuna mtu wa jamaa ya Firauni aliyeamini na kuificha imani yake, kwa sababu nyumba aliyokuwa anaishi ingemuua. Sura hiyo watu wengine wanaiita kwa jina la huyo mwamini. Ona: jina lake mwenyewe hatulijui mpaka leo, lakini kazi yake tunaijua.

Sasa tuangalie walifanya nini na maficho yao. Wakuu walipokuwa wanataka kumkamata Yesu, Nikodemo alisimama kati yao akauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Ni swali moja tu, na wenzake wakamdhihaki. Yule wa nyumba ya Firauni alisimama wakati wanapanga kumuua Musa, akawauliza kama wanataka kumuua mtu kwa sababu tu amesema Mola wake ni Mwenyezi Mungu. Akawaambia kama Musa ni mwongo, uongo wake utamrudia mwenyewe. Wote wawili walikuwa wamejificha, na wote wawili neno lao la kwanza mbele ya wenye nguvu lilikuwa kumtetea mtu aliyekuwa anahukumiwa bila kusikilizwa. Ndugu yetu mwenye laini ya pili anafanya kinyume kabisa. Anajificha ili mtu ahukumiwe bila kusikilizwa.

Kuna watakaosema, basi sheria ishughulike, kwa nini mnatuletea mahubiri? Sawa, tuitazame sheria. Hapa Uganda kulikuwa na akaunti ya Facebook iliyojiita Tom Voltaire Okwalinga, watu wakaizoea kwa kifupi, TVO. Iliwasema wakubwa wa nchi, na hakuna aliyejua mwenye akaunti ni nani. Mwaka 2015 kijana mmoja alikamatwa akidaiwa kuwa ndiye, akakataa. Baadaye wakili mmoja wa Kampala aliyeandikwa na akaunti hiyo kwamba amekula rushwa alienda mpaka mahakama ya Dublin, Ireland, kwa sababu kampuni ya Facebook ina ofisi kule. Alitaka waambie dunia TVO ni nani ili amshtaki. Mwaka 2017 jaji alikataa. Aliona kwamba jina likitolewa, maisha ya huyo mwandishi yanaweza kuwa hatarini.

Tukae na kesi hiyo kidogo. Jaji alikuwa na sababu nzito, uhai wa mtu si mchezo. Na yule wakili naye alikuwa na swali la haki: kama nimesingiziwa, nimuulize nani? Mahakama haikuweza kuwapa wote wawili walichotaka. Pale sheria inapofika mwisho wa kamba yake, anabaki mtu mmoja tu anayeweza kumtendea haki yule aliyesemwa: mwandishi mwenyewe, peke yake na simu yake, Mungu akimwona. Ndiyo maana tunakataa kabisa maneno ya "hawatanipata". Wasipokupata, mzigo wote wa kuhakikisha ukweli umebaki kichwani kwako. Anayeandika kwa jina lake akikosea, watu watamsahihisha, watamtukana, watampeleka kwa cheyamani. Wewe uliyejificha nani atakusahihisha? Basi ulitakiwa uhakikishe mara mbili kuliko yeye.

Na tusidhani West Nile haijui mambo haya. Wenyeji wetu wazee wa Arua na Koboko wanayajua kuliko sisi. Wakati wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, ofisi iliyoitwa State Research Bureau iliishi kwa maneno ya wachongezi. Ugomvi wa biashara, wa shamba au wa mwanamke uliweza kumalizwa kwa kumnong'oneza askari sikioni. Mtu alichukuliwa asijue nani amemchongea, na familia yake haikujua pia. Amin alipoanguka mwaka 1979, lawama ziliwaangukia watu wa West Nile wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Wakakimbilia Zaire na Sudan. Wazee wanaotupa ardhi ya kulima leo walikuwa wakimbizi kule tulikotoka sisi. Walionja yote mawili: mashtaka yasiyo na mwenyewe, na hukumu isiyouliza jina.

Katika miaka hiyohiyo kuna watu waliochagua njia nyingine. Februari 1977, baada ya askari kupekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum usiku, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Waliweka sahihi zao. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Hatusemi kila kijana wa kambini awe Luwum. Mungu hakumdai kila mtu damu yake. Tunasema tu, kati ya Luwum aliyesaini na mchongezi aliyenong'ona kuna nafasi kubwa sana, na ndani ya nafasi hiyo Nikodemo anatosha. Mwenye hofu lakini mkweli, huyo tunamkubali. Mwenye hofu na mwongo, huyo ni mtoto wa wale wachongezi, hata akivaa rozari au akishika tasbihi.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii: mara nyingi usipoandika jina lako, unatumia la mwingine. Kabla ya 2019, ambapo wakimbizi walikubaliwa kusajili laini kwa kadi ya mkimbizi au karatasi ya atesteshoni, wengi wetu tulisajiliwa laini na Waganda wenye roho nzuri: mwenye nyumba, boda, mama wa sokoni. Laini hizo ziko mpaka leo. Ukitukana watu kwa laini ya namna hiyo, kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu aliyetukana ni yule mama. Polisi wakifuatilia, watagonga mlango wake yeye. Huko siyo kujificha tena, ni kumvalisha mtu mwingine shati lako lenye damu. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo inakuhusu mara mbili: umemsingizia uliyemwandika, na umemsingizia mwenye laini.

Halafu kuna kundi kubwa kuliko wote, watu wa "mimi nimefowadi tu". Hawa wana methali yao: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jamani, methali hiyo imeua watu. Kwa mama aliyeitwa mchawi, kweli "laja": vijana wanakuja usiku na petroli. Neno halikuwa na ukweli wowote, ni wanaolisambaza ndio waliolipa miguu. Kurani, Sura ya 49, inawaamuru waamini wakiletewa habari na mtu asiyeaminika waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Na mtu asiyejulikana kabisa, je, ni wa kuaminika? Mtume alifundisha kwamba kusimulia kila unachosikia kunatosha kukufanya mwongo. Yesu naye, katika Mathayo sura ya 12, alisema watu watatoa hesabu siku ya hukumu hata kwa neno la upuuzi. Hakuweka msamaha kwa neno lililofowadiwa.

Kuhusu mabinti zetu, vitabu havina huruma hata kidogo na wachafuzi. Sura ya An-Nur inataka anayemtuhumu mwanamke mtu wa heshima alete mashahidi wanne, na asipowaleta yeye ndiye anapewa adhabu, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, inataka mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea mwenzake. Mashahidi hao ni watu wenye uso, wanaosimama na kuulizwa. Skrinshoti haiulizwi. Voisi ya mtu aliyebadilisha sauti haiulizwi. Sasa wewe kijana unayekwenda Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani, umepata wapi ruhusa ya kumvunja binti wa watu kwa picha moja na vicheko kumi?

Sasa tugeuke kwa nyinyi wenzetu wa mashirika, maana mnasoma hapa na hatuwezi kuwaruka. Moto huu hamkuuwasha nyinyi, lakini kuni nyingine ni zenu. Kuna maboksi ya maoni ambayo kufuli yake imeshika kutu. Mtu anaandika lalamiko kwa jina lake na namba yake ya simu, anangoja mwezi, miezi mitatu, hakuna anayempigia hata kumwambia "tumepokea". Siku anapotupa maneno makali kwenye grupu bila jina, kesho asubuhi gari limefika. Mmemfundisha nini? Mmemfundisha kwamba ukweli wenye jina haulipi, na kelele isiyo na jina inalipa.

Kosa lingine ni la upande wa pili. Barua isiyo na jina inafika ofisini, na mfanyakazi wa kujitolea, mkimbizi mwenzetu, anaambiwa abaki nyumbani. Haambiwi ameshtakiwa nini. Hapewi nafasi ya kusema. Mtu akiondolewa namna hiyo, jina lake kambini limekwisha hata kama baadaye mtagundua hakuwa na kosa. Barua isiyo na jina iwe mwanzo wa kuuliza, isiwe mwisho wa hukumu. Mlindeni aliyeandika, na msikilizeni aliyeandikwa. Namba ya bure ya malalamiko ambayo UNHCR na wenzake wanaiendesha tangu 2018 ni kitu kizuri. Lakini imani ya watu kwa namba hiyo itajengwa na jibu linalorudi. Jibu likirudi haraka, watu watapunguza kupeleka kesi zao WhatsApp.

Kwetu vijana, tunaomba mambo manne, na tunayataka kwanza kwa kila mtu wa kundi letu hili.

La kwanza: ukificha jina lako, ficha na la mwenzako mbele ya umati. Kama jina lako lina thamani ya kulindwa, la kwake lina thamani hiyohiyo. Jina la mtuhumiwa lipeleke kwa anayeweza kuchunguza: ofisi ya ulinzi, polisi, RWC, namba ya bure, pasta au shehe unayemwamini. Grupu ya watu mia mbili haichunguzi, inapiga tu.

La pili: andika ulichokiona. Siku gani, mahali gani, nani mwingine alikuwepo. Kama ulisikia, sema ulisikia. Kama unadhani, kaa na dhana yako mpaka ikomae.

La tatu: awepo mtu mmoja anayejua kuwa ni wewe. Mtu mwenye hekima, asiyeogopa kukuuliza "una hakika?" Kama neno lako huwezi kulisema hata mbele ya mtu mmoja unayemwamini, kuna kitu ndani yake hakijakaa sawa, na moyo wako unakijua tayari.

La nne: aliyechafua jina alirudishe palepale alipolichafulia. Zakayo alipogeuka hakuishia kusema samahani moyoni, alirudisha mara nne mali aliyoipata kwa hila. Wanazuoni wa Kiislamu nao wanafundisha kwamba toba ya haki ya mtu haikamiliki mpaka haki hiyo imrudie mwenyewe. Kwa hiyo meseji ya kusahihisha itoke kwenye laini ileile, iende kwenye grupu ileile, iseme wazi kwamba maneno yale yalikuwa uongo. Hata hapo unaweza ukabaki bila jina. Visingizio vimekwisha.

Tangu Facebook ifungwe Uganda, Januari 2021, vijana wengi wamejua kutumia VPN, na simu ya mtu aliyekaa Koboko inaweza kuonekana iko Ulaya. Waislamu wanaamini kila mtu ana malaika wawili wanaoandika analosema. Wakristo wanaamini vitabu vitafunguliwa. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeamini kwamba malaika wanaandika "namba isiyojulikana". Usiku wa leo, kidole chako kikiwa juu ya kile kitufe cha kutuma, jiulize kama mtu unayemwandika atapata wapi nafasi ya kujibu. Kama hana pa kujibia, futa, ulale.